Kuwatoa vijana nje kufanya usafi, na wakatoka kwa kupenda: mwongozo kutoka Lamu

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, nilimwita mwanangu wa miaka 15 mara tano aje afagie uchochoro. Mara ya sita nikapanda juu kumtafuta, nikamkuta amelala chini ya makuti, simu usoni, na ufagio ameuegemeza ukutani kama silaha aliyoiweka chini. Dada yake wa miaka 13 alikuwa ameshatoka, lakini alifagia kwa hasira hadi vumbi likaingia kwa jirani, nami nikalazimika kwenda kuomba radhi. Nilijiona nimeshindwa. Uchochoro wetu wa Langoni ndio ukumbi wetu wa nje: hapo watu hukaa barazani, hapo punda hupita, hapo watoto hucheza mpira. Ukiwa mchafu, ni kama sebule chafu.

Siku hizi wale wawili hutoka wenyewe, na watoto sita wa majirani huwafuata. Nayaandika tuliyoyafanya kwa mpangilio tulioufuata, pamoja na tulipokosea.

1. Zungukeni kwanza bila ufagio

Usianze na kazi. Jioni moja baada ya Alasiri nilitoka na wanangu na wenzao wanne, mikono mitupu. Tukapita uchochoro wote hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukarudi. Nikawauliza swali moja tu: hapa pana kitu gani kinachokuudhi wewe?

Nilidhani watataja chupa. Mwanangu akaonyesha kona ya mtaro ambapo mpira wao huangukia kila siku, na anayeingiza mkono kuutoa hunuka hadi Magharibi. Binti akataja kizingo ambapo yeye na wenzake hulazimika kuinua mabuibui wakienda madrasa. Kijana wa jirani, ambaye kwao wana punda wawili, akasema pale punda wanapofungwa pana makaratasi na plastiki, na punda hula. Akatueleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi: plastiki haisagiki tumboni, huziba utumbo, na mnyama huanza kugaragara kwa maumivu.

Hizo sehemu tatu ndizo zilizokuwa kazi yetu ya mwezi wa kwanza. Mimi nilikuwa na yangu, vyungu vya maua vilivyovunjika kando ya mlango, lakini nikanyamaza. Ukishawauliza, kisha ukaingiza orodha yako mwenyewe, watajua uliuliza kwa kutimiza tu.

2. Ipe kazi mwanzo na mwisho

Hili ndilo naliona kubwa kuliko yote. "Fagia nje" ni kazi isiyo na mwisho, na kijana huikimbia kabla hajaianza. Chukua chaki, chora mstari kwenye daka la nyumba yenu, yaani kibaraza cha mlangoni, hesabu hatua, kisha chora mwingine. Kwetu ni hatua 38 kutoka daka letu hadi kona. Muda nao usizidi saa moja na nusu.

Kisha shika ahadi. Jumamosi ya pili walimaliza kwa dakika 50, kila kitu kinang'aa, nami kwa furaha nikasema, "Basi malizieni na kule kwa akina bibi." Walimalizia. Wiki iliyofuata hakuja mtu. Nilichowafundisha siku ile ni kwamba mwenye kufanya haraka huongezewa mzigo. Ilinichukua wiki tatu kuirudisha imani yao, na tangu hapo kazi ikiisha mapema, imeisha.

3. Chagua saa yenye heri

Jua la Lamu halichezewi. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkiwa mmekwisha kabla ya saa mbili na nusu, au tokeni baada ya Alasiri. Msigongane na madrasa wala masomo ya ziada, na wakati wa mitihani acheni kabisa. Mwezi wa Ramadhani sisi hufanya nusu saa tu kabla ya Magharibi, mwendo wa polepole, na asiyeweza hakai na lawama.

4. Watengeneze fagio zao

Kijana huthamini kifaa alichokitengeneza. Chukueni makuti mabichi, mtenge ukuti mmoja mmoja, kisha kwa kisu mchune jani pande zote mbili ubaki ule uti wa kati, ndio chelewa. Zianikeni siku mbili. Zikikauka, kila mtu ashike fungu la kujaa mikono miwili, aligonge chini sakafuni hadi vichwa viwe sawa, alifunge kwa kamba ya usumba mara mbili: mara moja karibu na kichwa, mara ya pili shibiri moja chini yake.

Sasa mpini. Fagio zetu za kienyeji ni fupi, na ndiyo sababu mgongo huuma na vijana hulalamika. Tuliingiza ufito wa mkoko katikati ya fungu, wenye urefu wa kufika kidevuni kwa mwenye fagio, tukaukaza kwa kamba. Kila mmoja alipimiwa wake kama anavyopimiwa nguo. Mwanangu aliupaka wake rangi nyekundu na nyeupe za timu yake, na hadi leo hakubali mtu mwingine aushike.

Vifaa vingine: koleo, mwiko wa fundi wa kupigia lipu kwa ajili ya mitaro, mapakacha au magunia, ndoo, na glovu nene kwa kila mtu. Glovu zikipungua, punguzeni watu. Viatu viwe vya kufunika vidole.

Jambo moja kuhusu kuta. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Vijana wakipata brashi ya waya hutaka kusugua kila kitu kwa nguvu. Wazuieni. Chokaa hubanduka, na ukuta uliosimama miaka mingi huanza kunyonya maji. Brashi laini na maji matupu yatosha.

5. Mashindano ya vidau mtaroni

Hapa ndipo kazi ilipogeuka mchezo, na wazo lilikuwa la binti yangu. Mji wetu umejengwa kwenye mteremko, na mitaro ya vichochoroni hupeleka maji baharini. Kwa hiyo mtaro uliosafishwa sawasawa lazima upitishe maji bila kusimama. Akasema: basi tuupime kwa kidau.

Gaweni watu makundi mawili kwa kura. Msipambanishe wavulana na wasichana. Mkifanya hivyo ugomvi wa nyumbani utahamia mtaroni. Kila kundi lipewe kipande chenye urefu sawa. Tope jeusi litolewe kwa mwiko na kuwekwa kwenye ndoo, wala lisiachwe kando ya mtaro kwa sababu mvua ya kwanza itarudisha yote. Siku ya kwanza kipande chetu kilitoa kichana, vifuniko vya kalamu, ndara moja ya mtoto, na fundo la nywele lililosokotana na uzi wa nailoni, kubwa kama ngumi. Fundo lile ndilo lililokuwa limeziba maji miezi yote. Mwanangu alilivuta taratibu kama mvuvi, na lilipong'oka, maji yaliyokuwa yamesimama yakaondoka kwa mlio, na wote wakapiga kelele.

Wakati baadhi wanasafisha, mmoja wa kila kundi hutengeneza kidau: kifuu cha nazi, kijiti, na jani la mkungu kuwa tanga. Kazi ikiisha, ndoo mbili za maji humwagwa juu ya mteremko na kidau huachiliwa. Kikipita hadi mwisho bila kukwama, kundi limefaulu. Kikikwama, mahali kilipokwama ndipo pasiposafishwa vizuri. Hakuna haja ya mama kukagua na kulaumu, maji yameshasema. Mzee wa jirani, ambaye zamani alikuwa nahodha, huwekewa kiti awe mwamuzi, naye huhukumu kwa uzito kama yuko kwenye mashindano ya majahazi.

Ushindani wa kasi peke yake msiuweke. Tuliujaribu mara moja: taka zilisukumwa chini ya baraza ili wamalize kwanza.

6. Msako wa viluwiluwi

Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliingia Lamu, na wengi wetu twakumbuka watu walioshindwa hata kushuka ngazi kwa maumivu ya viungo. Mbu wanaoieneza, wale weusi wenye madoa meupe wanaouma mchana, huzaliana kwenye maji yaliyotulia karibu na watu: madumu, makopo, tairi, vifuu, sahani za chini ya vyungu vya maua. Kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo msako wa kila wiki hukata uzazi wao.

Kila jozi ipewe kijiko kirefu, bakuli jeupe na tochi ya simu. Wapite kiwandani, yaani uani, kwenye paa na kando za nyumba. Chombo chenye viluwiluwi kikipatikana, alama moja. Kikifunikwa, kikitobolewa au kikiondolewa kabisa, alama tatu. Hiyo tofauti ya alama ni ya maana, maana vijana hupenda kugundua kuliko kumaliza. Na wasimwage maji tu. Mayai ya mbu hao hung'ang'ania kando za chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingojea maji. Lazima kando zisuguliwe.

Waambieni pia habari za birika za nyumba za zamani, yaani matangi ya maji ya kujengewa, ambamo wazee waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Vijana wetu walipoisikia, walikwenda wenyewe kuomba ruhusa ya kutazama birika la nyumba ya kale mtaani, wakarudi wakibishana ni samaki gani.

7. Punda na samadi

Kuzoa mavi ya punda ni kazi ambayo kila kijana huiona ni fedheha. Kwetu ilipata heshima ilipopata faida. Chimbeni shimo au tengenezeni boma dogo la fito mahali penye kivuli. Changanyeni fungu moja la samadi na mafungu mawili ya majani makavu na maganda ya jikoni, mnyunyize maji liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na mligeuze kila wiki. Baada ya miezi miwili au mitatu huwa jeusi, halinuki, na hufaa kwa mchicha, rehani na asumini. Binti yangu sasa ana miche mitatu ya asumini kiwandani na huwaahidi shangazi zake maua ya vikuba kwa harusi ijayo.

Wakumbusheni wote kutopita nyuma ya punda aliyefungwa bila kumsemesha.

8. Siku ya ufuoni

Mara moja kwa mwezi tunawapeleka Shela, na hiyo ndiyo siku wanayoingojea. Angalieni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Tunafika saa mbili, maji yakiwa yanaondoka, na tunaokota ule mstari wa taka ambao bahari imeuacha pale ilipofika. Ufuo ni mrefu, kilomita kama 12, kwa hiyo chomekeni vijiti viwili mchangani na mfanye kati yake tu. Jua likianza kuuma mmeshamaliza, na waliobaki na nguvu waogelee.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, tunachookota zaidi ni chupa, vifuniko, ndara na vipande vya nyavu. Mchezo wetu wa ufuoni huitwa "chupa msafiri": anayeleta chupa iliyotoka mbali zaidi, kwa kusoma maandishi yake, ndiye mshindi. Tumeshapata zenye maandishi ya nchi za Asia. Kijana mmoja asiyependa kabisa jiografia alikaa na ramani simuni robo saa nzima akitafuta chupa yake ilipita wapi.

Mwani na magogo viacheni, ndivyo vinavyoshika mchanga. Mkiona alama za kasa aliyepanda kutaga, pitieni mbali wala msichimbe. Na milima ya mchanga ya Shela si ya kung'olewa nyasi kwa kuteleza: mvua inayozama humo ndiyo maji ya visima tunayokunywa mjini.

9. Jueni taka zinakwenda wapi kabla hamjaziokota

Hakuna kinachovunja moyo wa kijana kama kuona gunia alilolijaza Jumamosi bado liko pale pale Jumatano, limetobolewa na paka. Zungumzeni mapema na mwenye mkokoteni au punda wa kubeba, mjue saa na bei.

Tenganisheni palepale: chupa za maji peke yake, madumu na vifuniko peke yake, vioo kwenye ndoo ngumu, vingine gunia la mwisho. Plastiki iliyotenganishwa na iliyo safi ndiyo inayopata mnunuzi. Pesa yake, hata ikiwa ndogo, yote ni ya vijana. Kwa kufagia mbele ya nyumba yao wenyewe mimi siwalipi, na sioni vyema kulipa, lakini chupa ni mali yao na hesabu wanaishika wao. Msichome plastiki hata kidogo. Moshi wake kwenye vichochoro vyembamba huingia moja kwa moja vyumbani.

Wakikuuliza plastiki itafaa nini, wapelekeni wakasikie habari za Flipflopi, jahazi la karibu mita 9 lililoundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, chini ya fundi Ali Skanda, na kuvikwa ndara kama 30,000. Liliingia majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Baada ya habari hiyo, ndara zilizookotwa kwetu hazikutupwa tena ovyo. Ziliwekwa gunia lake.

10. Mambo ya hatari

Sindano, wembe na vioo haviokotwi kwa mkono, hata wenye glovu. Tumieni koleo, na mtu mzima ndiye anayeita "simama" kisha anaondoa. Mwenye kidonda asiingie mtaroni siku hiyo, apewe kazi ya daftari au picha. Wote waoge kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

11. Simu, muziki na chakula

Simu msizipige marufuku. Mmoja kwa zamu awe mpiga picha, kabla na baada, akisimama mahali palepale. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja, vijana huzituma kwa wenzao wenyewe, na ndivyo tulivyopata watoto wa mtaa wa pili. Muziki uwe wa sauti ya wastani, uzimwe adhana ikisikika na mahali penye mgonjwa au msiba. Wakichoka na muziki, huanza vitendawili: anayeshindwa kutegua hubeba ndoo inayofuata.

Chakula kiwe tayari kabla kazi haijaisha, msiwangojeshe. Sisi hupika viazi vya karai na bhajia, na jagi la ukwaju baridi. Kila wiki nyumba moja hutoa. Wazazi, kaeni mle nao barazani. Hapo nimesikia mambo ya shule na ya moyo ambayo mwanangu hajawahi kuniambia nikimwuliza.

12. Wakichoka

Watachoka. Kwetu ilitokea wiki ya saba. Usihubiri. Waachieni Jumamosi moja bure, kisha rudini kwenye hatua ya kwanza: matembezi bila ufagio na lile swali moja. Mara nyingi kinachowaudhi kimebadilika, na kazi nayo yafaa ibadilike. Kwetu safari hii walitaja taa iliyozimika karibu na kisima na ukuta uliochorwa matusi. Ukuta tumeanza nao juzi, kwa brashi laini na maji, wakibadilishana kila dakika kumi, na bado limebaki neno moja na nusu kufutika.